Hedifoni au monita? Chumba cha Mji Mkongwe, pesa ya kitu kimoja tu

BoritiMoja

Asalaam aleikum wanajamvi.

Swali langu ni la kumiksi mziki, na kabla hamujanijibu naomba mujue hali ilivyo, maana video nilizoangalia wanasema watu waliokaa kwenye vyumba vilivyofunikwa sponji toka sakafuni hadi darini. Mimi sina chumba hicho.

Nipo Mji Mkongwe, nyumba ya kale ya mawe, chumba cha juu. Upana mita 2.8, urefu mita 5.6, dari ya boriti kama mita 3.7 kwenda juu. Kuta nene za mawe na chokaa, sakafu ngumu, madirisha mawili yanatazama uchochoroni. Nina kompyuta na kadi ya sauti ya njia mbili. Kazi ni za aina mbili: vijana wa zenji fleva (mziki wa kizazi kipya wa Zanzibar) wanakuja na biti zao kurekodi sauti, na kuna kikundi cha kidumbak nimewarekodi nyimbo zao, sanduku (besi ya uzi iliyotengenezwa kwa kasha), vidumbak viwili (ngoma ndogo), fidla, cherewa (manyanga) na mwimbaji.

Kinachonitesa ni sanduku. Natumia spika ndogo za kompyuta pamoja na kisabufa chake, kile kispika cha besi. Nikikaa kwenye kiti kuna nota moja haipo kabisa. Nikiegemea ukuta, nota ile ile inavuma mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Nipandishe au nishushe?

Pesa ipo ya kitu kimoja. Ama monita, zile spika za studio, jozi za inchi 5 (nafikiria Yamaha HS5 au JBL 305P), ama hedifoni ya maana na kitakachobaki ninunulie maikrofoni. Kipi kitangulie?

---

ZFlavaBaba

Monita. Hedifoni ni ya kumpa msanii wakati wa kurekodi, basi. Halafu mteja akiingia studio asione spika hakupi kazi, hilo hawakwambii kwenye video.

---

ChakeNaSauti

Nipo Pemba huku, Chake, na namiksi kwa hedifoni peke yake. Sina mpango wa kubadilisha.

Umeme ukikatika, kompyuta ina betri yake na hedifoni inakula hapo hapo, kazi inaendelea. Monita inazima na wewe unabaki kuitazama. Nyinyi wa Unguja mulipokaa gizani toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nani alimiksi kwa spika bila jenereta kumpigia kelele uwani?

La pili, Ramadhani. Mtaani hapigwi mziki, hata vilabu vya taarab vinapumzika, na papo hapo msanii anataka wimbo wake uwe tayari kwa Sikukuu. Utaumiksi saa ngapi kama si usiku baada ya tarawehe? Na utaumiksi kwa spika, madirisha wazi, jirani yupo kwenye daku? Huo si mziki tena, ni kesi kwa sheha.

---

ZFlavaBaba

Hahaha sheha. Sawa, lakini Ramadhani ni mwezi mmoja, shekhe. Iliyobaki kumi na moja?

---

UziWaFidla

Munabishana spika na hedifoni, na chumba alichokitaja mwenyewe kwa mita zake hamujakigusa. Jawabu lake limo mle.

Sauti kwa joto letu inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Ukitaka kujua besi gani itasimama baina ya kuta mbili, chukua mwendo huo ugawe kwa upana mara mbili. Upana wako 2.8, mara mbili 5.6. Gawa 349 kwa 5.6 unapata Hz 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Sasa fanya na urefu: 5.6 mara mbili ni 11.2, unapata Hz 31, na wimbi la pili la urefu huo ni mara mbili yake, yaani 62 tena. Umeona balaa? Urefu wa chumba chako ni upana mara mbili kamili, kwa hiyo kuta zote nne zimekubaliana kwenye Hz 62. Hiyo ni nota ya Si (B) ya chini, na naweka dhamana hiyo ndiyo nota ya sanduku inayokutia wazimu.

Kwa nini kitini haipo? Kwa sababu kiti umekiweka katikati ya upana, ndivyo tunavyofundishwa sote, ili spika mbili zikae sawa kwa masikio mawili. Na katikati ndipo wimbi la kwanza la ubavuni linapojifuta. Ukutani ndiko linakojaa. Ikiwa pia umekaa robo ya urefu, kiasi cha mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele au wa nyuma, basi na la urefu linajifuta hapo hapo, na nota yako imekufa kabisa.

Wala usimlaumu aliyejenga. Nyumba hizi zilifuata boriti ya mkoko. Boriti haivuki mbali, ikivuka inapinda, basi chumba kikatoka chembamba, mita tatu hivi au chini yake, kisha kikarefushwa kadiri mwenye nyumba alivyotaka. Kwa hiyo si wewe peke yako: pima vyumba vya majumba ya kale hapa mjini, vingi vitakupa uvimbe wa besi baina ya Hz 55 na 65. Nyumba imekupangia besi na trebo, imekuchagulia ikwalaiza kabla hujazaliwa.

Sasa weka HS5 mle ndani. Yamaha wenyewe wanaandika inashuka mpaka Hz 54, na hapo 54 imeshapungua desibeli 10. JBL 305P wanaandika 43. Zote mbili zinaifikia 62, kwa hiyo kasoro yako itabaki pale pale, ila itakuwa imekugharimu zaidi. Na usije mtu akakushauri HS8, ile kubwa yake, kwa kuwa "ina besi". Chumba kilichovimba hakitibiwi kwa kukilisha.

Kuna na la ukuta wa nyuma ya spika. Besi inatoka pande zote, inapiga ukuta na kurudi. Spika ikiwa sentimita 80 mbele ya ukuta, 349 gawa kwa mara nne ya 0.8, unapata shimo karibu na Hz 109, mahali pa kifua cha mwimbaji mwanamme. Utampandisha, utampandisha, na kwenye gari atatoka anazungumza ndani ya pipa. Bora uisogeze ukutani kabisa, kisha ushushe besi kwa swichi ya nyuma. HS5 inayo, inakata desibeli 2 au 4.

Mimi ni mtu wa spika, nimekulia nyuma ya fidla na sikio langu limezoea sauti inayotoka mbele. Hata hivyo kwa chumba hicho na pesa ya kitu kimoja nakwambia hedifoni kwanza. Hedifoni haina kuta.

---

BoritiMoja

Mzee wangu, shikamoo. Nimekwenda kupima. Kiti kipo sentimita 140 kutoka ukuta wa mbele, katikati ya upana. Yaani nimekaa kaburini penyewe.

Nimekisogeza nyuma mpaka kama mita 2.1 na sanduku limeanza kurudi. Halijarudi lote, lakini lipo.

---

UziWaFidla

Marahaba. Limerudi kwa sababu umetoka kwenye shimo la urefu. La upana bado umo, na huwezi kutoka bila kukaa upande, na ukikaa upande stereo yako imekwenda. Ndiyo maana nikasema sanduku liamulie kwenye hedifoni.

---

MtandioNaMiksi

Naona wanaume munazungumza kama kila mtu ana kichwa kitupu. Mimi navaa mtandio, na ni mimi ninayemiksi kaswida na nyimbo za harusi hapa mtaani kwetu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Hedifoni iliyofungwa nyuma inapata besi yake kwa kuziba vizuri kuzunguka sikio. Ukiivaa juu ya kitambaa, au juu ya mikono ya miwani, au kofia imeshuka mpaka masikioni, hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Wewe unadhani miksi haina besi, unaongeza. Ukija kuipiga kwenye gari ya shamba, abiria wanashuka kabla ya kituo.

Jaribio lake halina gharama. Piga wimbo unaoujua wenye besi nzito, kisha bonyeza vikombe viwili kwa viganja taratibu. Besi ikipanda, ujue zinavuja. Mimi nyumbani navua mtandio nikimiksi, nikiwa na wateja navaa mwepesi wa kichwani na vikombe naviingiza ndani yake. Za wazi nyuma hazijali sana jambo hili, lakini zina lao, nitasema.

Na joto! Zile zenye ngozi ya bandia, saa moja tu masikio yamelowa, na kwa unyevu wa hapa ile ngozi haichelewi kuanza kubambuka ikakuganda mashavuni. Tafuta zenye vikombe vya bahameli, kama Beyerdynamic DT 770 Pro. Vinavuliwa vinafuliwa.

---

BoritiMoja

Ahsante sana dada. Navaa miwani, na hilo sijalisikia popote. Za wazi zina lipi?

---

MtandioNaMiksi

Za wazi, mfano DT 990 Pro au Sennheiser HD 600, sauti inapumua, hata fidla unaiona imekaa mahali. Lakini kila kitu cha nje kinaingia: feni, pikipiki, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, watoto wanatoka chuoni. Na cha ndani kinatoka: ukimvalisha msanii, mdundo wote unaingia kwenye maikrofoni. Wewe umesema una pesa ya kitu kimoja na unarekodi sauti za watu. Basi za wazi zimeshaanguka hapo.

Tena angalia ohmu, ukinzani wa umeme: zikizidi, hedifoni inataka nguvu zaidi. HD 600 ni 300, DT 990 Pro iliyozoeleka ni 250. Ukichomeka kwenye simu zinanong'ona. DT 770 ipo ya 32, 80 na 250. Kwa kadi ndogo ya sauti chukua 80.

---

Mlandege_Tu

Ndugu, angalia feki. Mie kuna duka waliniuzia hedifoni ya ATH-M50x imefungwa vizuri na boksi lake zuri, kufika nyumbani besi tupu, mwimbaji yumo ndani ya gunia. Kurudisha hawataki. Sikiliza hapo hapo dukani kwa wimbo wako mwenyewe, sio ule wanaokupigia wao.

---

ZFlavaBaba

Haya nimekaa kimya munajenga hoja, sasa na mie nijenge.

Spika mbili zikiwa mbele yako, sikio la kulia linasikia na spika ya kushoto pia, imechelewa kidogo na trebo (mlio wa juu) imepungua kwa sababu kichwa kimeziba njia. Ubongo ndivyo ulivyozoea toka umezaliwa. Hedifoni inakata hiyo. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia, na mwimbaji anakuimbia katikati ya bongo. Mtu anaweka fidla kushoto kabisa, kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) kulia kabisa, anaona pepo. Anapeleka harusini, na mziki wa harusini nyaya zimeunganishwa pamoja, mono. Kilichokaa katikati kinapanda, kilichokaa pembeni kinashuka. Fidla imekwenda. Na kama alitumia plugini (kiprogramu cha kuongeza kwenye programu ya kumiksi) ya kutanua stereo, ndiyo kabisa, vinakatana.

Rivebu, ule mwangwi tunaotia, nayo hivyo hivyo. Kwenye hedifoni unaisikia mpaka ukucha wake wa mwisho, unaona imetosha, unaacha. Ukipiga kwenye spika mwimbaji mkavu kama mkate wa juzi. Taarab kavu nani anaitaka?

---

UziWaFidla

Katika hili umesema kweli tupu na sina la kukupinga. Nitakuongezea tu kwamba chumba cha mawe nacho kinadanganya kwenye rivebu: kinatia mwangwi wake juu ya wako, nawe unadhani umeshatia. Kwa hiyo mwangwi haukadiriwi hedifoni wala chumba kitupu. Unakadiriwa kwa kulinganisha. Weka karibu wimbo uliokwisha kutoka, unaoupenda ulivyokaa, shusha ulingane na wako kwa ukubwa wa sauti, kisha ruka huku na huku. Ukubwa ulingane kweli. Fletcher na Munson walishaonesha tangu 1933 kwamba sauti ikipanda, sikio linaongeza besi na trebo kwa hiari yake, kwa hiyo wimbo ulio juu kidogo utauona mzuri zaidi hata kama ni mbovu.

Na mono: bonyeza kitufe cha mono kila mara, hata ukiwa ndani ya hedifoni. Zipo pia plugini zinazochanganya kidogo kushoto na kulia mithili ya spika, baadhi ni za bure. Zinasaidia kupanga pembeni. Mimi huzizima nikija kwenye besi.

Hapa kuna kisa napenda kukisema. Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe munayoiona kwenye picha za studio za dunia nzima, ilitoka 1978 kama spika ya kusikilizia nyumbani, na watu wa nyumbani hawakuipenda. Besi haba, katikati inakupigia kelele. Wamiksaji ndio walioichukua, kwa sababu ilikuwa haifichi ubaya. Yamaha waliacha kuitengeneza 2001 na mpaka leo watu wanazitafuta zilizotumika. Spika mbaya, lakini waliijua. Ndugu yetu wa Chake anaijua hedifoni yake, ndiyo maana kazi zake zinasimama. Ukibadilisha kila mwaka hutajua chochote.

---

ChakeNaSauti

Umenisemea. Na mie nikimaliza naipeleka kwenye simu. Spika ya simu chini ya Hz 200 haina kitu, kwa hiyo sanduku lote linapotea, na wasikilizaji wengi ndipo wanaposikilizia. Dawa si kupandisha besi. Tia sacharesheni kidogo kwenye sanduku, yaani likwaruze kidogo, lipate kelele za juu yake, Hz 240, 300 na kuendelea. Sikio likizisikia hizo linajaza lenyewe ile ya chini. Ukipata hivyo kwenye simu, kwenye gari haikusumbui.

---

MtandioNaMiksi

Na masikio jamani. Kwenye spika ukizidisha, jirani atagonga mlango. Kwenye hedifoni hakuna wa kukugongea. Kipimo cha kazi cha Wamarekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili. Vijana wanamiksi biti usiku kucha sauti imefika mwisho, asubuhi masikio yanapiga filimbi, wanasema ni uchovu.

---

Mlandege_Tu

Swali la pembeni: nikibandika trei za mayai ukutani si inatosha halafu nikanunua monita?

---

UziWaFidla

Haitoshi. Trei ya mayai ni karatasi. Inavunja kidogo mlio wa juu, besi inapita kama haikuiona. Na sponji ya sentimita mbili ni hivyo hivyo, inakula trebo tu, chumba kinabaki kizito na kiza.

Kinachofanya kazi ni unene wa kitu chenye nyuzi, hewa ipite kwa tabu. Na hapa kwetu tunalala juu yake. Godoro la kale la usufi au la makumbi, lisimamishe ubavuni pale ambapo sauti ya spika inagonga ukuta kabla ya kukufikia, moja kila upande, na mengine kwenye kona nyuma yako. Acha nafasi ya kiganja baina ya godoro na ukuta. Mwangwi wa katikati utatulia na mwimbaji utamsikia alipo. Busati chini, mapazia mazito madirishani.

Nisiuze ndoto: Hz 62 godoro haliigusi. Wimbi lake lina urefu wa mita 5.6, robo yake tu ni mita 1.4. Utajaza chumba magodoro ukose pa kukaa. Mtu akikwambia ameitibu kwa sponji, muulize kapima na nini. Programu ya REW ni ya bure, maikrofoni ya kupimia si ghali sana, ukipima utaona mlima na shimo kwa macho.

---

ZFlavaBaba

Sasa BoritiMoja umeamua nini? Usiniambie hedifoni.

---

BoritiMoja

Hedifoni, lol. DT 770 Pro ya ohmu 80. Imefungwa nyuma kwa hiyo msanii atarekodia hiyo hiyo, vikombe vya bahameli, na miwani nitavua nikifika kwenye besi. Hazitafika pesa ya monita jozi, kitakachobaki kinakwenda kwenye maikrofoni.

Spika ndogo siziuzi. Nazigeuza zitazame kwenye urefu wa chumba, nazisogeza ukutani, kiti kinabaki mita 2.1, kisabufa nakizima. Hizo zitakuwa za kupanga fidla na cherewa, kupima mwangwi, na kumpigia mteja. Sanduku na kiki (ngoma ya besi) za vijana naamua kwenye hedifoni, kisha simu, kisha gari ya kaka yangu.

---

ZFlavaBaba

Kwa hiyo unatumia zote mbili. Nilichosema mimi.

---

ChakeNaSauti

Ulisema monita, shekhe, tumekusoma sote.

---

BoritiMoja

Jamani niacheni na magodoro. Bi mkubwa hapa nyumbani amekataa kutoa lake, anasema la usufi halipatikani tena na hataki lisimamishwe ukutani kama maiti. Kuna mwenye usufi wa kununua kwa kilo, Unguja au Pemba? Ntashona mwenyewe mifuko ya khanga. Anitajie bei na mahali, na kama wa Pemba unakuja kwa boti anambie mzigo unalipiwaje.